MPANGAJI NA MWENYE NYUMBA: TUANDIKIANE



Jambo tulilokuja kusema leo si geni kwa mtu yeyote aliyekaa mjini. Ni jambo la chumba. Mtu atokaye Singida, au Lindi, au Kigoma, afikapo Dar es Salaam hutafuta chumba kwanza, kabla hajapata kazi ya kudumu na kabla hajajua majina ya mitaa. Na siku apatapo chumba ndiyo siku afanyapo mapatano makubwa ya fedha kuliko yote aliyopata kuyafanya maishani mwake. Naye huyafanya kwa mdomo, akiwa amesimama uani, huku dalali akimharakisha na kumwambia kwamba yuko mtu mwingine anayekuja kulipa saa kumi.

Twawaomba mtusikilize kwa makini, maana humu ndani wamo wapangaji na wamo wenye nyumba. Hatukuja kuwagombanisha. Mama mjane mwenye nyumba ya vyumba sita, anayeishi katika chumba kimoja na kupangisha vitano ili wajukuu wasome, huyo si adui wa mtu. Wala kijana aliyechelewesha kodi kwa sababu kibarua kimekwisha si mwizi. Lakini hawa wawili, wote wenye haki zao, hufikishana kwa mjumbe wakitupiana maneno ya kuvunjiana heshima, na chanzo chake ni kwamba siku ya kwanza hawakuandikiana.

HESABU YA CHUMBA

Tuchukue mfano mmoja, kila mtu aupime kwa hali ya mtaa wake. Chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ataka miezi 6 mbele: hiyo ni shilingi 300,000. Dalali ataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kuonyesha mlango: shilingi 50,000. Na wako wenye nyumba wanaotaka tena dhamana ya mwezi mmoja, ati kwa ajili ya uharibifu: shilingi 50,000 nyingine. Jumla ni shilingi 400,000, yaani kodi ya miezi minane, kwa mtu ambaye bado hajalala humo hata usiku mmoja.

Fedha hizo hazikuokotwa. Nyingine zimetoka kwa kaka, nyingine katika mchezo wa upatu, nyingine ni mbuzi aliyeuzwa nyumbani. Sasa ulizeni: kwa shilingi 400,000 amepewa karatasi gani? Akinunua redio dukani hupewa risiti. Akilipa chumba, mara nyingi hupewa ufunguo, na jina lake huandikwa katika daftari ambalo hukaa kwa mwenye nyumba mwenyewe.

Basi ugomvi huanza, nao huja kwa njia nne tunazozijua sana.

Njia ya kwanza ni ya kodi iliyolipwa mbele. Mwezi wa tatu nyumba inauzwa, au mwenye nyumba anafariki na warithi wanakuja, kila mmoja na neno lake. Mpangaji anaambiwa ahame. Miezi mitatu yake iliyobaki ni shilingi 150,000. Nani atamrudishia? Mnunuzi asema hakupokea kitu. Warithi wasema marehemu hakuwaambia. Mpangaji hana cha kuonyesha.

Njia ya pili ni ya dhamana. Siku ya kuhama mwenye nyumba anaingia, anatazama ukuta, anasema umechafuka. Anashika kitasa, anasema kimelegea. Anatazama dari, anasema halikuwa hivyo. Mpangaji anajibu kwamba aliyakuta. Hakuna aliyeandika chumba kilivyokuwa siku ya kuingia, kwa hiyo anayeshinda ni yule aliyeshika fedha.

Njia ya tatu ni ya umeme na maji. Luku ni moja, vyumba ni sita. Mmoja ana friji na pasi, mwingine ana taa moja na simu ya kuchaji. Wote wanachangishwa sawasawa, au wanachangishwa kwa kukisia. Hapo hata majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi huacha kusalimiana.

Njia ya nne ni ya mwenye nyumba kudhulumiwa, nayo yatupasa tuiseme bila kuificha. Wako wapangaji wanaohama usiku, wakaacha deni la maji na kufuli mlangoni. Wako wanaopanga chumba kwa watu wawili wakakaa sita. Wako wanaompangisha mtu mwingine kwa siri na kula faida. Mama yule mjane naye hana karatasi, hajui hata mtu huyo anatoka wilaya gani.

KODI NA STAKABADHI

Lugha yetu ina neno moja, kodi, kwa fedha iendayo Serikalini na kwa fedha iendayo kwa mwenye nyumba. Wazee waliopo hapa wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, kodi ya wakati wa ukoloni. Mtu alikuwa akitembea na stakabadhi yake kama atembeavyo na roho yake, maana akisimamishwa njiani bila stakabadhi alikuwa akikamatwa, hata kama alikuwa amelipa. Wazee wetu ambao wengi wao hawakujua kusoma walijua thamani ya kipande kile cha karatasi, wakakihifadhi ndani ya mkebe pamoja na vitu vya thamani.

Je, sisi tunaojua kusoma na kuandika tumepatwa na nini? Karatasi iliyotulinda na askari wa mkoloni twaiona haina maana mbele ya mwenye nyumba, kwa sababu ati ni jirani, ni mzee wetu, ni mtu wa dini. Ndugu zangu, karatasi si tusi. Waislamu wanajua kwamba Kurani inaagiza deni liandikwe na liwe na mashahidi, na agizo hilo linahusu watu wanaoaminiana. Tunaandika ili tuendelee kuaminiana hata baada ya kusahau.

HAYA HAYAKUANZA LEO

Mjue kwamba shida ya pango ni ya zamani katika nchi zetu, na watu walishaikabili kwa umoja. Katika Ng'ambo ya Unguja, mwaka 1928, wakazi walikataa kulipa kodi ya viwanja vilivyokuwa chini ya nyumba zao, wanaume kwa wanawake, wala hawakukataa mmoja mmoja. Mombasa, wafanyakazi walipogoma mwaka 1939, posho ya nyumba ilikuwa moja ya mambo makubwa waliyodai, na Serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda tume ya kuchunguza hali yao.

Baada ya Uhuru, Tanganyika iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaweka sharti kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1984 Bunge likatunga Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, iliyokuwa na mabaraza yake ya nyumba mikoani.

Hayo yalibadilika. Sharti la viongozi lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sheria ile ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005. Leo bei ya chumba ni ile wanayopatana watu wawili. Hatukuja kujadili leo kama ilikuwa vema kufuta au la. Twasema hili tu: ikiwa sheria imewaachia watu wawili wapatane, basi mapatano yao ndiyo ngao yao. Na ngao ya maneno matupu hupeperuka na upepo.

SHERIA INASEMAJE

Wako wanaosema kwamba mpangaji asiye na mkataba wa maandishi hana haki yoyote. Si kweli. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inatambua hata pango ambalo muda wake haukutajwa. Pango la namna hiyo huhesabiwa kwa kipindi ambacho kodi hulipwa: anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Na akitaka kuondoka, au akitakiwa aondoke, taarifa haipungui kipindi hicho. Mtu haambiwi jioni kwamba asubuhi atoke.

Sheria hiyo hiyo inampa mpangaji alipaye kodi haki ya kukaa kwa amani bila kubughudhiwa. Inampa mpangaji wajibu wa kulipa na wa kurudisha nyumba katika hali njema, lakini haimdai uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu. Mlango uliopigwa teke ni uharibifu. Mwenye nyumba anayekata dhamana kwa ajili ya rangi iliyofifia amechukua kisicho chake. Mpangaji anayekataa kulipa mlango amefanya vivyo hivyo.

Wala mwenye nyumba hana ruhusa ya kutumia nguvu. Kung'oa mlango, kuondoa bati mvua inanyesha, kutupa godoro la mtu barabarani, hayo si madai ya kodi. Ni ubabe.

Na mambo yakishindikana twende wapi? Kwanza kwa mjumbe na kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kwa mazungumzo. Kisha Baraza la Kata. Lakini mjue kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu tena katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30, mwenye madai huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko, ndugu zangu, swali la kwanza mtakaloulizwa ni hili: mna nini mkononi? Tena mkataba ambao haukulipiwa ushuru wa stempu waweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe. Kwa hiyo anayeandika aandike, na aliyeandika apeleke ukalipiwe.

Tutazame na majirani. Huko Kenya dhamana wanaiita depositi, na ugomvi wake ni ule ule. Wao wana Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi za Kenya milioni 1, na imewekewa siku 60 za kumaliza shauri. Hata Uingereza, nchi ambayo baadhi yetu hudhani kila kitu kilikwisha kunyooka, wapangaji walidhulumiwa dhamana zao mpaka Bunge likaingilia kati. Tangu Aprili 2007 mwenye nyumba wa kawaida huko hawezi kuweka dhamana mfukoni mwake na kunyamaza. Hana budi kuiweka chini ya mpango maalumu wa ulinzi, nao hutoa msuluhishi ikitokea tofauti. Asipofanya hivyo ndani ya siku 30, mahakama yaweza kumlipisha mara moja hadi mara tatu ya dhamana yenyewe. Nasi twaweza kudai jambo kama hilo kwa wabunge wetu. Lakini tusikae mikono kifuani tukingoja sheria, maana kazi ya kwanza i mikononi mwetu.

KARATASI MOJA

Twapendekeza tawi letu litengeneze karatasi moja ya mapatano ya pango, ya Kiswahili chepesi ambacho mama yeyote akisomewa ataelewa. Iwe na mambo haya saba, wala si zaidi:

1. Majina ya pande zote mbili, namba za simu, na jina la mtu wa karibu wa kila upande. Kama anayepangisha si mwenye nyumba bali ni mtoto wake au msimamizi wa mirathi, iandikwe hivyo.

2. Chumba ni kipi, watakaa watu wangapi, na pango linaanza tarehe ipi na kwisha tarehe ipi.

3. Kodi ni kiasi gani, imelipwa ya miezi mingapi, na ikipanda itapanda lini na baada ya taarifa ya muda gani.

4. Dhamana ni kiasi gani, imeshikwa na nani, na itarudishwa siku ngapi baada ya ufunguo kurudi. Isichanganywe na kodi.

5. Hali ya chumba siku ya kuingia: mlango, kitasa, madirisha, dari, sakafu, rangi, swichi. Wote wawili wazunguke pamoja na kuandika. Mwenye simu ya picha apige picha, na picha zibaki kwa wote.

6. Umeme, maji na taka zinalipwaje.

7. Mmoja akitaka kuvunja mapatano kabla ya wakati, atoe taarifa ya muda gani, na kodi ya miezi isiyokaliwa itarudishwaje. Hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, nalo ndilo linaloleta machozi.

Ziandikwe nakala mbili, zitiwe sahihi mbele ya shahidi wa kila upande. Malipo yakifanywa kwa simu, ujumbe usifutwe. Yakifanywa kwa mkono, stakabadhi itolewe pale pale. Na dalali aandike stakabadhi yake mbali, ili kesho asiseme fedha ile alimpa mwenye nyumba.

WANAOPINGA WATASEMAJE

Mwenye nyumba atasema: karatasi italeta watu wa kodi ya mapato mlangoni. Tunamjibu kwa heshima kwamba pato la pango linatozwa kodi ya mapato liandikwe lisiandikwe. Anayejificha ndiye anayekosa usingizi. Tena siku mpangaji atakapomkimbia na deni, hataweza kwenda kushitaki kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amelificha.

Mpangaji naye atasema: nikidai karatasi nitaambiwa niende zangu, chumba atapewa mwingine. Ndugu zangu, hilo ni kweli, nasi hatutawadanganya. Kijana mmoja aliyesimama uani na begi lake hana nguvu ya kudai chochote. Njaa ya chumba inamziba mdomo. Hapa ndipo ilipo sababu ya sisi kulileta jambo hili mbele ya tawi zima, badala ya kumnong'oneza kila mtu peke yake. Mmoja akidai karatasi huonekana mkorofi. Mtaa mzima ukiwa na desturi ya karatasi, basi mkorofi ni yule anayeikataa.

Desturi huanzishwa na watu. Zamani ilikuwa desturi kuoa bila cheti. Leo hata bibi kijijini anauliza cheti kiko wapi. Na hili la pango litakuwa hivyo hivyo, tukianza.

TWAOMBA MAAMUZI MATATU

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaomba mkutano huu usiondoke hapa kabla ya kuamua mambo matatu.

La kwanza, tawi lichapishe karatasi hiyo, na vijana wetu wanaojua kuandika wapangwe zamu ya Jumamosi kuwasaidia wasiojua kusoma, bila malipo, awe mpangaji au mwenye nyumba.

La pili, kila mwanachama mwenye nyumba ya kupangisha awe wa kwanza kuitumia na wapangaji alio nao sasa, kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Tunajua ombi hili ni zito. Kuna wazee hapa waliojenga kwa jasho lao, tofali kwa tofali, kwa miaka ishirini, wasiopenda kufundishwa na vijana jinsi ya kutawala nyumba zao. Twawaomba radhi kwa ujana wetu, lakini ombi haturudishi nyuma. Hatuwezi kusimama jukwaani Jumapili tukisema juu ya haki, kisha Jumatatu mpangaji wa mwanachama wetu akazuiliwa shilingi 50,000 zake kwa sababu ya kitasa ambacho hakuna aliyekiandika.

La tatu, wachaguliwe watu watano, wawili wapangaji, wawili wenye nyumba, na mmoja mzee anayeheshimiwa na pande zote, wasikilize ugomvi wa dhamana na wa kodi ya mbele kabla haujafika Kata. Hawatakuwa mahakama, wala hawatamlazimisha mtu. Watakaa, watasoma karatasi, watatazama chumba, watasema wanavyoona. Mara nyingi hilo latosha, maana watu wengi hawapendi kudhulumu mbele ya macho ya majirani.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walisema juu ya biashara, lakini hata chumba ni mali, na amani ya uani ni mali kuliko chumba. Wale ambao karatasi hii itawasaidia zaidi hawamo humu leo. Wako katika mabasi sasa hivi, wanakuja mjini na fedha walizochangiwa na ndugu zao, wamezifunga katika kitambaa. Wafikapo, wakute mtaa huu una desturi ya kuandikiana.